Mgeni Mzaliwa wa Ohio

Millbrook, Ohio
8 Oktoba 1922

Mdogo wangu Hester,

Pokea salamu za nyumba nzima, ambayo siku hizi ni mimi, Mama, na paka aliyekataa kuzeeka. Mama hajambo isipokuwa goti, na hilo goti linatabiri mvua kuliko gazeti. Mitufaha imezaa kupita kiasi. Tumepika jemu mpaka chupa zimekwisha, nikaenda kuazima kwa jirani. Mbili ni za binti yako Lottie. Mama anasema zikivunjika njiani, wa kulaumiwa ni posta, si yeye.

Mimi bado nachapa barua kwa wakili Sattler, na ndiyo sababu ya kukuandikia kabla ya zamu yangu ya kuandika.

Juma lililopita alinipa kazi ya kunakili sheria mpya iliyotiwa saini Septemba. Inahusu wanawake wa hapa walioolewa na wageni. Kumbe tangu mwaka 1907 sheria ilisema hivi: mwanamke wa Marekani akiolewa na mgeni, anauchukua uraia wa mumewe, na wake unakwisha siku ileile ya ndoa. Hata kama kazaliwa hapa, na babu zake wamezikwa hapa. Bunge sasa limeibadilisha kwa watakaoolewa kuanzia sasa. Lakini kwa waliopoteza zamani, uraia haurudi wenyewe. Wauombe mahakamani, waulizwe maswali ya katiba, wale kiapo.

Nilimwambia Bwana Sattler kwamba haiwezekani iwe hivyo, maana mdogo wangu ameolewa na Mjerumani ambaye hajapata uraia, na mwaka 1920 alipiga kura. Barua yako niliisoma mbele ya chama chetu cha wanawake, wakapiga makofi, tukaichapa kwenye jarida letu. Wakili alivua miwani akaifuta.

Sikuulizi kitu, Hester. Nakueleza tu nilichonakili.

Shemeji Anton msalimie. Mwambie Mama anauliza kama bado anakula vitunguu vibichi.

Dada yako,
Orpha

Alder Falls, Wisconsin
19 Novemba 1922

Dada Orpha,

Barua yako ilinikuta mzima, na chupa za jemu zilifika nzima pia, kwa hiyo posta imesalimika na ulimi wa Mama. Lottie alimaliza nusu chupa kwa kijiko kabla sijageuka. Amekuwa wa kwanza katika mashindano ya tahajia, watoto kumi na wanne wakishindana. Anton kauza ndama wawili na kununua jiko jipya. Vitunguu vibichi bado anakula, na bado namgeuzia mgongo kitandani.

Theluji imewahi mwaka huu. Ng'ombe wako zizini tangu tarehe tano.

Habari kubwa huku ni shule. Unaikumbuka Shule Namba Nne, niliyofundisha miaka sita kabla ya kuolewa? Wako watu wanaotaka ifungwe, watoto wapelekwe shule ya mjini kwa gari la farasi, maili nne kwenda na nne kurudi. Mkutano wa wilaya ya shule utaamua Jumatatu ya kwanza ya Julai. Kila raia anayeishi hapa atapiga kura, mwanamume kwa mwanamke. Nimekwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza kwa nini isifungwe. Watu wananisikiliza, bado wananiita mwalimu.

Jambo moja. Yuko mama mmoja jirani yangu, naye mumewe ni mgeni. Angependa kujua fomu za ombi lile zinapatikana wapi, na inachukua muda gani. Ukipata nafasi, niandikie nimpe.

Busu Mama goti lake.

Hester

Millbrook, Ohio
1 Desemba 1922

Mdogo wangu,

Sisi tu wazima. Mama amenunua kofia, akaijutia, akairudisha, akaijutia tena. Mengine ni yaleyale.

Jirani yako mwambie hivi. Aende kwa karani wa mahakama ya kaunti yake, aombe fomu ya ombi la uraia. Kwa sababu ya sheria mpya, hahitaji ile hati ya kwanza ambayo wageni wengine hutoa miaka kabla. Anahitaji kuwa ameishi hapo mwaka mmoja. Ombi lake litabandikwa ukutani siku tisini, ili mwenye pingamizi aseme. Awe na mashahidi wawili ambao ni raia na wanamjua vizuri. Halafu atasimama mbele ya jaji.

Akitaka kuwahi jambo lolote la Julai, kwa mfano, asipitishe Januari.

Tena umuulize jirani yako, kwa upole, kama amewahi kupiga kura baada ya kuolewa. Kama alipiga, ni kosa, na afadhali amwone wakili kabla ya kumwona jaji. Kama hakupiga lakini alisema amepiga, hilo ni jambo jingine. Lakini kama limechapwa mahali, linaweza kumfikia afisa anayehoji, na mwombaji anatakiwa awe mtu mwaminifu.

Mwambie jirani yako kwamba yeyote anayemwandikia, yuko upande wake.

Orpha

Alder Falls
28 Januari 1923

Dada,

Lottie alikuwa na mafua, yamekwisha. Anton yu mzima. Nakutakieni mwaka mwema, ingawa nimechelewa.

Hakuna jirani. Umelijua hilo tangu mstari wa kwanza, nami nimechoka kujificha nyuma ya mtu ambaye hata jina sikumpa.

Sikupiga kura mwaka 1920. Nilijua siwezi tangu Juni 1918. Wakati wa vita ilitangazwa kwamba wanawake wote raia wa Ujerumani wajiandikishe posta kama wageni wa upande wa adui. Nikamwambia Anton, hilo si langu, mimi nimezaliwa Ohio. Halvorsen, mkuu wa posta, akaja mwenyewe mpaka jikoni, kofia mkononi. "Mwalimu," akasema, "nimeisoma karatasi mara tatu. Inakutaja na wewe." Nilikwenda. Akanishika kidole kimoja kimoja akakibonyeza kwenye wino. Vyote kumi. Kisha nikampa picha yangu, akaibandika. Wanafunzi wangu wawili wa zamani walikuwa dirishani wananunua stempu.

Majira yaleyale walikuja wanaume sita wakamkuta Anton ghalani. Wakamlazimisha apige magoti aibusu bendera. Aliibusu. Aliponyanyuka aliikunja vizuri, kama ninavyowafundisha watoto, akawarudishia. Akaingia ndani, akachukua hati yake ya kwanza ya kuomba uraia, aliyokuwa nayo tangu 1910, akaitia ndani ya jiko ikaungua. Hatujawahi kulizungumza.

Basi siku ya uchaguzi nilivaa gauni langu la kijivu nikaenda ukumbini. Nilisimama kwenye mstari na wanawake wenzangu. Mama Tesch alikuwa mbele yangu, anatetemeka kwa furaha, ananiambia, "Mwalimu, mikono yangu, tazama." Walipobaki watatu mbele yangu, nikasema nimesahau kitu kwenye gari. Nikarudi nyumbani nikakuandikia barua.

Niliandika yale niliyoyaona kwenye uso wa Mama Tesch. Wewe ulitembea barabara zote za Ohio miaka kumi na moja kudai kura ile. Ningekuandikia nini? Kwamba mlango ulipofunguka, mdogo wako alikuwa nje ya uzio?

Nimewasilisha ombi tarehe 15 mwezi huu. Fomu inauliza jina la meli niliyokuja nayo. Karani alishika kalamu akanitazama, nami nikamtazama. Mwishowe akapiga mstari.

Kinachoniuma, dada, ni kimoja. Niliwafundisha watoto yale marekebisho ya kumi na nne ya katiba kwa moyo: kila aliyezaliwa hapa ni raia. Na siku naolewa kwenye sebule yenu, mchungaji alikuwepo, mjomba aliyesomea sheria alikuwepo, nyote mlikuwepo, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuniambia naacha nini mlangoni. Sidhani kama kuna aliyejua.

Hester

Alder Falls
30 Machi 1923

Dada Orpha,

Miezi miwili sasa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, nami nasikiliza upande wa Ohio na sisikii kitu.

Mama ni mgonjwa? Kama ni mgonjwa niambie, nije. Kama ni hasira juu ya uongo wangu, unayo haki, lakini hasira nayo huandikwa. Mstari mmoja unanitosha.

Huku barafu inapasuka mtoni. Ombi langu liko ukutani mahakamani, na hajatokea wa kulipinga. Anton hupita pale kila aendapo mjini, analisoma, haniambii kama amelisoma. Halvorsen ndiye aliyeniambia.

Hester

Millbrook, Ohio
22 Aprili 1923

Mdogo wangu Hester,

Mama ni mzima. Kwa hilo usihangaike. Anakusalimu na hajui ninachokuandikia.

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara nne. Hii ya tano naitia posta hata ikiwa mbaya.

Nilijua.

Mwaka 1911, majira ya kuchipua, kwenye mkutano wetu wa wanawake tuligawiwa kijikaratasi kinachoorodhesha sheria zinazomwonea mwanamke. Ya saba ilikuwa ile. Niliisoma kwenye tramu nikielekea nyumbani, wiki tatu kabla ya harusi yako. Asubuhi ya harusi nilikuwa napiga pasi shela lako, na ile karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Ukaja ukaniuliza, "Una nini leo, dada? Mbona umenuna?" Nikakwambia, "Hamna kitu. Pasi ina moto."

Nimejaribu miaka yote kujiambia kwamba niliogopa kukuharibia siku yako. Si kweli. Nilikuwa na hasira. Uliahidi kufundisha Wisconsin miaka mitatu kisha urudi, tupokezane kumlea Mama. Ikawa mitano, ikawa sita, kisha ukarudi na mwanamume ambaye sikuweza kutaniana naye hata neno. Nikasema moyoni, mwache ajifunze mwenyewe. Baadaye nikajiambia nimesahau. Sikusahau. Ulipoandika kwamba umepiga kura, nilifurahi kupita wote ukumbini, kwa sababu nilidhani sheria imekosea na mimi nimesamehewa. Ndiyo maana nikakimbilia kuichapa.

Kwa hiyo usiseme hakuna aliyejua. Alikuwepo mmoja, na shela lako lilikuwa mikononi mwake.

Ndani ya bahasha kuna ukurasa wa jarida letu la mwezi huu. Nimesahihisha. Mwenyekiti alisema haina haja, mambo ya miaka mitatu iliyopita nani anayakumbuka. Nikamwambia aliyeyaandika anayakumbuka. Nilisimama nikausoma mbele ya wote: kwamba mdogo wangu hakupiga kura 1920, kwa sababu sheria ilimwita mgeni, na kwamba mimi nilichapa bila kuhakikisha. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mama mmoja alinifuata mlangoni akaniambia binti yake kaolewa na Mwitaliano, afanyeje? Nikamkalisha nikamweleza. Tangu hapo wamekuja watano.

Ukurasa huo uende nao mahakamani. Akikuuliza afisa, mwonyeshe.

Sitakuomba unijibu upesi.

Orpha

Alder Falls
20 Juni 1923

Dada Orpha,

Lottie amemaliza mwaka wa shule. Mahindi yamefika magotini. Anton ameumwa jino, akaling'oa mwenyewe kwa koleo, na sasa anajifanya haikuuma.

Sikukujibu Mei kwa sababu sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira, na nilikuwa nayo. Ilidumu kama wiki tatu. Nilipanda viazi kwa nguvu mno, vingine nadhani havitaota. Sasa naweza kusema lililobaki baada ya hasira kuisha. Ungeniambia asubuhi ile, ningeolewa tu. Najijua nilivyokuwa, nisingesita hata dakika. Lakini ningeolewa nikijua. Hicho ndicho ulichonichukulia, na nimekupa. Usinirudishie, usikirudie kwenye kila barua. Yamekwisha.

Sasa nikueleze ya mahakamani.

Ilikuwa Jumanne tarehe 12. Tulikuwa tisa: wakulima wa Kinorwe, Mpolandi mwoka mikate, Mholanzi mzee, na mimi. Wote walikuwa wamevaa vizuri kuliko jaji. Mwoka mikate aliniuliza kwa kunong'ona, "Mama, wewe unatoka nchi gani?" Nikamwambia Ohio. Akatikisa kichwa kwa huruma, nadhani alifikiri iko mbali.

Afisa anayehoji alikuwa kijana, ametumwa kutoka mjini, kola yake ngumu kama bati. Jaji anaitwa Whitcomb, mzee mwenye ndevu nyeupe anayesikiliza akiwa amefumba macho.

Halvorsen ndiye aliyekuwa shahidi wangu wa kwanza. Afisa akamuuliza ananijuaje. Akasema, "Namjua tangu 1905. Alimfundisha mwanangu kusoma. Mwaka 1918 niliamriwa nimchukue alama za vidole. Nilivyomaliza, alichukua ile fomu kwa vidole vyeusi vilevile akanisahihishia tahajia mahali pawili." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Nimeona aibu miaka mitano. Ndiyo maana nimekuja bila kuitwa mara ya pili."

Zamu yangu ikafika. Afisa akafungua jalada.

"Uliingia nchini lini?"

"Tarehe tatu Machi 1886," nikasema. "Alfajiri, kwa maelezo ya mama yangu."

Jaji akafumbua jicho moja.

Afisa akaendelea. Nani anatunga sheria? Nikamwambia ni Bunge, lenye nyumba mbili. Rais akiichukia sheria? Anairudisha bila saini, lakini nyumba zote mbili zikiisimamia kwa theluthi mbili, inakuwa sheria bila yeye. Na sheria ikipingana na katiba? Nikamwambia, mahakama huitupa. Nikaona nisiishie hapo. "Si mara zote," nikasema. "Mara nyingine mahakama huitazama ikaiacha, na watu inabidi waende Bungeni kuibadilisha. Ndivyo nilivyofika hapa leo."

"Na katiba yenyewe? Nani anaweza kuibadilisha?"

"Theluthi mbili za Bunge kupendekeza, robo tatu ya majimbo kukubali. Imefanywa ngumu kwa makusudi. Dada yangu ni mmoja wa waliodai rekebisho la mwisho, lile la kura ya wanawake. Alitembea kwa miguu."

Hapo akageuza ukurasa. "Umewahi kupiga kura katika nchi hii?"

Ningeweza kusema hapana nikanyamaza. Ingekuwa kweli, na ingetosha. Lakini nilikuwa nimeinua mkono kuapa kusema kweli yote, na neno hilo "yote" nimelifafanua kwa watoto miaka sita. Nikasema, "Hapana. Lakini mwaka 1920 nilimwandikia dada yangu kwamba nimepiga, naye akalichapa kwenye jarida. Nilidanganya. Haya ni masahihisho yake." Nikampa ukurasa wako.

Kijana akausoma, akakunja uso. Akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, hili linagusa swali la tabia njema."

Nilimwona Anton nyuma kabisa, amesimama karibu na mlango. Sikujua kwamba amekuja. Asubuhi alikuwa ameniambia ana uzio wa kutengeneza.

Jaji alifumbua macho yote mawili. "Uliapa mbele ya mtu yeyote kwamba umepiga kura?"

"Hapana, mheshimiwa. Nilimwandikia dada tu."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

Akasoma ukurasa wako mwanzo mpaka mwisho, polepole. Kisha akasema, "Afisa, tukimnyima uraia kila aliyewahi kumdanganya dada yake, nchi hii itabaki na miti. Huyu ametuletea ushahidi dhidi yake mwenyewe bila kuombwa. Sijui tabia njema nyingine unayoitafuta. Endelea na kiapo."

Nikainua mkono nikaukana utii wangu wote kwa Dola ya Ujerumani, nchi ambayo sijaiona na ambayo haijawahi kunitumia hata kadi. Nikaapa kuilinda katiba niliyoilinda ubaoni miaka sita. Nilidhani nitakasirika. Sikukasirika. Machozi yalinitoka kama yalivyowatoka wale Wanorwe, na yule Mholanzi mzee akanipa leso yake.

Anton alinisubiri nje na gari. Aliniambia, "Umejibu vizuri, mama Lottie." Kisha akanipa hatamu niendeshe mimi.

Raia,
Hester

Millbrook
27 Juni 1923

Mdogo wangu,

Mama alinifanya nisome barua yako mara mbili, pale pa alfajiri mara tatu. Anasema ilikuwa saa kumi na nusu, na ulizaliwa ukipiga kelele, kwa hiyo yeyote angejua umeingia nchini.

Nilimpelekea Bwana Sattler sehemu ya jaji. Alivua miwani tena, lakini safari hii alitabasamu.

Lingine nililotaka kusema umenikataza, nami natii. Jumatatu ni mkutano wenu wa shule. Wachape.

Orpha

Alder Falls
5 Julai 1923

Dada Orpha,

Salamu kwenu. Jana tuliisherehekea sikukuu ya taifa kwa kuku wa kukaanga na pai ya cheri, na Lottie alilishwa na kila jirani mpaka akalala kwenye nyasi.

Ya mkutano hutayatarajia.

Walikuja watu arobaini na wawili, tukabanana kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Mwenyekiti aliposoma orodha ya wapiga kura, jina langu lilikuwemo. Nilizungumza wa kwanza. Nilisema yote niliyokuwa nimeyasema nyumba kwa nyumba: shule iko karibu, watoto wanajulikana kwa majina, barabara ya mjini ni mbaya wakati wa theluji. Nilizungumza vizuri, dada. Walipiga makofi.

Kisha akasimama Mama Tesch. Hana mazoea ya kusema mbele ya watu, alikuwa ameshika ukingo wa dawati. "Mwalimu," akasema, "mimi nakupenda, na nyote mnajua. Lakini Frieda wangu ana miaka kumi na minne. Amemaliza vitabu vyote vya shule hii mara mbili. Mjini kuna shule ya juu, na wanaoingia ni watoto waliosoma mjini. Kutoka hapa kwetu, miaka ishirini, wameingia wawili. Niambieni hao wawili ni wasichana wa nani." Akaketi. Wote wawili walikuwa wavulana, tena ndugu.

Mimi niliyemaliza kuzungumza vizuri nilikaa pale natafuta jibu. Nilitafuta kwa bidii. Nilichokipata ni kwamba nilikuwa naitetea miaka yangu sita, wakati Mama Tesch anaitetea ya Frieda inayokuja. Na ya Lottie naye, baada ya miaka michache.

Wakagawa karatasi. Nilikuwa nimengoja kura ile miaka mitatu, kwa kweli miaka kumi na miwili, na niliingia mlangoni nikijua nitaandika nini. Nikaandika kinyume chake. Shule Namba Nne imefungwa kwa kura ishirini na tatu dhidi ya kumi na tisa. Niliwaambia wote nimepigaje. Si lazima, kura ni siri, lakini niliwasumbua watu milangoni mwao miezi saba, walistahili kujua. Bwana mmoja alinuna akasema wanawake hubadilika kama upepo. Halvorsen akamwambia, "Wewe umepiga kura ileile tangu 1896, na bado unalalamika kila mwaka."

Tatizo likabaki nyumbani. Anton aliitaka shule ibaki. Gari la mjini litapita saa moja asubuhi, na Lottie ndiye anayemsaidia kukamua. Nilimkuta zizini nikamweleza. Aliendelea kukamua mpaka ndoo ikajaa.

"Yaani," akasema, "nyumba hii ina raia mmoja mkubwa, naye kapiga kura dhidi yangu."

"Ndiyo," nikasema. "Na dawa yake unaijua. Mahakama inapokea hati za kwanza siku yoyote ya kazi. Uanze upya, ungoje, halafu uje unipinge kihalali."

Akahamia kwa ng'ombe wa pili, akaketi, akaegemeza paji la uso ubavuni mwake kama afanyavyo siku zote. Nikachukua ndoo nikaanza kutoka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliposema, bila kugeuka:

"Mama Lottie. Hivi maseneta wote ni wangapi?"

Nikamwambia tisini na sita. Akairudia namba hiyo kwa sauti ya chini, mara mbili, huku maziwa yakipiga ndoo.

Mdogo wako,
Hester